Kobe Wakati wa Kipupwe

Ni asubuhi ya mwezi wa Julai huko Mbalibali, mkoani Mara. Jua halijapanda. Nyasi zimelowa umande, na wachungaji wamejifunika mashuka yao. Wanafunzi wawili wa Darasa la Tano wako njiani kwenda shule. Kando ya njia, chini ya kichaka, wanaona kobe. Kichwa chake kimefichwa ndani ya gamba. Mmoja wao anamgusa kwa kijiti. Kobe hatikisiki.

"Amekufa," asema wa kwanza.

"Hajafa, ni mgonjwa," asema mwenzake. "Tumchukue nyumbani tukamweke jikoni karibu na moto. Akipona tutamfuga."

Je, ni nani kati yao aliyesema kweli? Je, ni vema kumchukua kobe huyo? Soma somo hili kwa makini. Mwishoni utaweza kutoa jibu lako mwenyewe.

Kobe ni mnyama gani?

Kobe ni mnyama wa jamii ya reptilia. Wengine katika jamii hiyo ni mjusi, kenge, nyoka na mamba. Reptilia wana ngozi kavu yenye magamba madogo madogo, nao huvuta hewa kwa mapafu kama sisi. Lakini kobe ana kitu ambacho reptilia hao wengine hawana, yaani gamba kubwa na gumu linalomfunika juu na chini.

Watu wengine hudhani kwamba gamba la kobe ni nyumba tu, na kwamba kobe anaweza kutoka na kuiacha. Sivyo. Gamba la juu limeungana na uti wa mgongo na mbavu zake. Kobe hawezi kutoka ndani ya gamba lake, kama vile wewe usivyoweza kutoka ndani ya mbavu zako. Tena gamba lina hisia. Kobe akipigwa jiwe au gamba lake likitobolewa, huumia.

Katika Tanzania kuna kobe wa aina mbalimbali. Hawa watatu huishi nchi kavu:

(a) Kobe mwenye madoa. Gamba lake limeinuka kama kilima, nalo lina rangi ya manjano na madoa meusi. Huyu ni kobe mkubwa wa nchi za nyasi kama Serengeti. Hula nyasi, majani na matunda yaliyoanguka. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 50.

(b) Kobe bapa. Gamba lake ni bapa na laini kidogo. Huishi katikati ya nyufa za miamba. Adui akimjia, hakai mahali pake kama kobe wengine, bali hukimbilia ndani ya ufa na kujibana humo.

(c) Kobe mwenye bawaba. Nyuma ya gamba lake la juu pana mahali panapojikunja kama bawaba ya mlango. Akiogopa, huifunga sehemu ya nyuma ili kuilinda miguu yake.

Wako pia kobe wa majini, wanaoishi katika mabwawa na mito, na kasa, wanaoishi baharini. Katika somo hili tutazungumza juu ya kobe wa nchi kavu.

Joto la mwili wa kobe hutoka wapi?

Weka kiganja chako kwapani. Utasikia joto. Mwili wa mtu mwenye afya una joto la nyuzi 37 hivi za Sentigredi. Usiku wa baridi huwa na joto hilo hilo, na mchana wa jua kali huwa na joto hilo hilo. Mwili wetu hutumia chakula tunachokula kutengeneza joto lake wenyewe. Ng'ombe, mbuzi, kuku na ndege nao hufanya hivyo.

Mwili wa kobe hauwezi kufanya hivyo vya kutosha. Joto la kobe hutoka nje ya mwili wake, yaani hutoka kwenye jua, hewa, mawe na udongo. Mawe yakiwa baridi, naye huwa baridi. Jua likiwaka, naye hupata joto. Watu walizoea kusema kwamba reptilia wana damu baridi. Maneno hayo si sahihi sana, kwa sababu damu ya kobe aliyekaa juani saa sita mchana ina joto. Afadhali tuseme kwamba kobe huazima joto lake kutoka mahali alipo.

Kwa kuwa joto lake ni la kuazima, kobe hana budi kulitafuta. Asubuhi hutoka taratibu na kukaa juani. Jua likizidi, huingia kivulini, maana joto kali linaweza kumwua upesi. Jioni hutafuta mahali pa kujificha, kama vile ndani ya kichaka, chini ya nyasi nyingi, au katika shimo lililoachwa na muhanga. Siku nzima kobe huchagua kati ya jua na kivuli. Huko kuchagua ndiko kunakomweka hai.

Unaweza kuona jambo hili kwa urahisi kwa kumtazama mjusi. Katika miamba ya Serengeti yuko mjusi ambaye dume lake lina kichwa cha rangi nyekundu na mwili wa buluu. Asubuhi hulala juu ya jiwe penye jua akiwa ametandaza mwili wake. Saa hiyo naye anaazima joto, kama kobe.

Kwa nini kuna baridi katika nchi ya joto?

Mkoa wa Mara uko karibu na Ikweta. Kwa nini basi tunavaa masweta mwezi wa Julai? Kuna sababu mbili.

Kwanza, nchi imeinuka. Ziwa Viktoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Tarime viko juu zaidi ya hapo. Kadiri tunavyopanda juu, hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000.

Pili, mawingu hupungua wakati wa kiangazi cha Juni, Julai na Agosti. Mawingu ni kama blanketi juu ya nchi. Yasipokuwapo, joto ambalo ardhi ililipata mchana huondoka upesi usiku. Ndiyo maana siku moja ya kipupwe inaweza kuwa na asubuhi ya baridi na adhuhuri ya joto.

Baridi humfanyia nini kobe?

Mwili wa kobe ukipoa, kazi zake zote hupungua. Moyo hupiga polepole na misuli hulegea. Kobe hawezi kutembea vizuri wala kumkimbia adui.

Tumbo nalo hupunguza kazi. Kobe akila jioni, kisha usiku ukawa wa baridi sana, chakula hukaa tumboni bila kumeng'enywa vizuri. Mambo hayo yakirudiwa siku nyingi, kobe huugua. Porini kobe hali mpaka awe amekwisha kuota jua.

Tena baridi yenye unyevu huleta ugonjwa wa mapafu. Sisi tukipata kohozi hukohoa tukalitoa. Kobe hawezi kukohoa kwa nguvu kama sisi, kwa hiyo uchafu hubaki kifuani mwake. Kobe mwenye ugonjwa huo hutoka ute puani, huhema kwa mdomo wazi, na hakai sawasawa.

Je, kobe wetu hulala miezi mingi?

Katika nchi ya Marekani wako kobe wadogo ambao gamba lao la chini lina bawaba. Wakiogopa hujifunga kabisa kama sanduku. Huko kaskazini, ambako theluji huanguka, kobe hao huchimba udongo laini na majani makavu, wakajifukia humo na kulala miezi yote ya baridi bila kula. Lakini ndugu zao wanaoishi kusini, katika nchi ya joto kama Florida, hawalali muda mrefu hivyo. Siku za baridi hujificha, na jua likirudi hutoka tena.

Kobe wetu wa Mara wanafanana na hao wa kusini. Hawana usingizi mrefu wa theluji. Hupumzika usiku wa baridi na asubuhi yake, kisha huamka jua linapopanda. Kwa hiyo mtu anayemtunza kobe huku kwetu asimfungie ndani ya sanduku miezi mitatu akidhani kwamba amelala. Akifanya hivyo, atamwua kwa njaa, kiu na baridi.

Jaribio: Mahali gani pana joto?

Vitu vinavyohitajika: kipimajoto cha darasani, daftari, kalamu na saa.

Namna ya kufanya:
1. Chagueni mahali patatu katika uwanja wa shule: (a) juu ya jiwe bapa penye jua, (b) juu ya udongo mtupu kivulini, (c) chini ya lundo la nyasi kavu.
2. Pimeni joto la kila mahali saa 1 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 jioni. Kila mara acheni kipimajoto dakika tano kabla ya kusoma.
3. Andikeni majibu yenu katika jedwali lenye safu moja kwa kila saa.
4. Mwombeni mwalimu ampime mwanafunzi mmoja joto la kwapani saa hizo hizo.

Angalieni: Msiingize mkono katika shimo wala katika ufa wa mwamba, kwani mnaweza kuumwa na nyoka au nge. Msitumie kobe wala mjusi katika jaribio hili.

Mtaona nini? Jiwe la juani litapata joto upesi na kulipoteza upesi. Chini ya nyasi joto halitabadilika sana. Joto la kwapani litakuwa karibu lile lile siku nzima. Sasa jiulizeni: kama mngekuwa kobe, saa 1 asubuhi mngekaa wapi? Na saa 7 mchana je?

Kobe wanaotunzwa na watu

Katika kisiwa cha Changuu, karibu kilomita 6 kutoka Mji Mkongwe wa Zanzibar, wanaishi kobe wakubwa sana. Asili yao ni kisiwa cha Aldabra katika Shelisheli. Mwaka 1919 kobe wanne waliletwa Changuu wakiwa zawadi. Walizaana, na kufikia mwaka 1955 walikuwa wapata 200. Kisha watu walianza kuwaiba, wengine ili wawauze nchi za nje kama wanyama wa kufugwa, wengine ili wawale. Mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba tu. Serikali ya Zanzibar na wasaidizi wake walijenga ua wa kuwalinda, wakaongeza kobe wachanga, na idadi ikaanza kupanda tena.

Tunajifunza nini hapo? Kobe hukua polepole na huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa. Kobe mmoja akiibiwa, haichukui mwaka mmoja kupata mwingine wa kushika mahali pake.

Katika Tanzania, kobe wa porini ni mnyamapori. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata wala kumfuga bila kibali. Kobe bapa amehatarishwa zaidi kwa sababu ya kuuzwa nchi za nje. Mwaka 2019 mataifa mengi yalikubaliana kuzuia biashara ya kobe bapa waliokamatwa porini.

Mahali penye kibali cha kutunza kobe, watunzaji huzingatia mambo haya wakati wa kipupwe:

1. Kibanda. Kiwe kikavu, kisichopitisha upepo wala mvua. Sakafu iinuliwe kidogo na kutandikwa nyasi kavu. Mlango uelekee mashariki ili jua la asubuhi liingie.

2. Uwanja. Uwe na mahali penye jua na mahali penye kivuli, ili kobe achague mwenyewe.

3. Chakula. Apewe baada ya kuota jua, yaani saa 4 au saa 5 asubuhi, wala si jioni. Chakula chake ni nyasi na majani mabichi. Asipewe ugali, mkate wala nyama.

4. Maji. Yawekwe katika sinia pana lisilo na kina, ili kobe anywe bila kuzama.

5. Ukaguzi. Kila siku mtunzaji atazame pua, macho na mwendo wa kobe. Kila juma ampime uzito. Kobe akikataa kula hata jua likiwa kali, au akitoka ute puani, daktari wa wanyama aitwe mara moja.

6. Usafi. Kobe huweza kuwa na vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa kuhara kwa watu. Kila anayemgusa anawe mikono kwa sabuni.

Sasa fikiri. Mambo haya yote sita ni ya kazi gani? Ni ya kumrudishia kobe yale aliyokuwa akijipatia mwenyewe porini bila msaada wa mtu.

Ukimkuta kobe porini

Hebu turudi kwa wale wanafunzi wawili wa Mbalibali. Yule wa kwanza alisema kobe amekufa. Alikosea. Kobe alikuwa amepoa tu, akingoja jua. Mwenzake alisema kobe ni mgonjwa. Naye huenda alikosea, kwa maana kobe mzima huwa hivyo asubuhi ya baridi. Tena shauri lake la kumpeleka jikoni lilikuwa la hatari. Moto huunguza upande mmoja wa gamba huku upande wa pili ukiwa baridi, na moshi huumiza mapafu ambayo hayawezi kukohoa.

Liko jambo jingine. Kobe huhifadhi maji mwilini kwa ajili ya kiangazi. Akiinuliwa ghafla huogopa na kuyamwaga maji hayo. Mahali ambapo mvua iko mbali, hasara hiyo inaweza kumletea kifo baada ya siku nyingi, wakati yule aliyemwinua amekwisha kusahau.

Kwa hiyo, ukimkuta kobe asubuhi ya kipupwe, mwache mahali alipo. Rudi kumtazama adhuhuri ukiwa mbali kidogo. Mara nyingi utakuta amekwisha kwenda zake. Ukimkuta amelala chali, mgeuze polepole kwa mikono miwili, umwache hapo hapo, kisha unawe mikono. Akiwa katikati ya barabara, na wewe uko salama, msogeze taratibu bila kumwinua juu, upande ule aliokuwa akielekea. Akiwa na jeraha, mwambie mwalimu au uongozi wa kijiji, ili wampashe habari afisa wa wanyamapori.

Hatari iliyo kubwa kuliko baridi ni moto wa nyika. Wakati wa kiangazi watu wengine huchoma nyasi ili kusafisha mashamba au kupata majani mapya. Moto ukipita alfajiri au usiku, kobe huwa baridi na hawezi kukimbia. Kichaka alichojifichia kujikinga na baridi ndicho kinachokuwa kaburi lake. Mwanafunzi anayewashauri wenzake wasichome nyasi ovyo huwaokoa kobe wengi kuliko yule anayemfuga mmoja.

Mambo ya kukumbuka

1. Kobe ni reptilia. Joto lake huliazima kutoka kwenye jua, hewa, mawe na udongo.
2. Asubuhi ya baridi kobe mzima anaweza kuonekana kama amekufa.
3. Kobe wa nchi za joto hawalali miezi mingi kama wale wa nchi za theluji.
4. Kobe anahitaji kuchagua kati ya jua na kivuli, na mahali pakavu pa kujificha.
5. Ni kosa kumkamata au kumfuga kobe wa porini bila kibali.
6. Moto wa nyika huua kobe ambao baridi isingewaua.

Maswali

1. Taja reptilia watano uliowasoma katika somo hili.
2. Kwa nini kobe hawezi kutoka ndani ya gamba lake?
3. Eleza tofauti kati ya joto la mwili wa kuku na joto la mwili wa kobe.
4. Toa sababu mbili zinazofanya usiku wa Julai kuwa wa baridi katika vilima vya Tarime.
5. Kwa nini mtunzaji hampi kobe chakula jioni wakati wa kipupwe?
6. Mlango wa kibanda cha kobe huelekezwa mashariki. Je, ungeelekezwa magharibi, kobe angepata shida gani?
7. Kwa nini idadi ya kobe wa Changuu ilipungua baada ya mwaka 1955?
8. Rafiki yako amemleta kobe shuleni ndani ya mfuko. Andika maneno utakayomwambia.

Kazi ya kufanya

Mtazame mjusi mmoja karibu na nyumbani kwa siku tatu. Usimguse. Andika saa anayotoka, mahali anapokaa kwanza, na saa anayoingia kivulini. Siku yenye mawingu alifanya nini? Yalete maandishi yako darasani uyalinganishe na ya wenzako.

Maneno mapya

Bawaba: chuma kinachouwezesha mlango kufunguka na kufungika.
Kibali: ruhusa iliyoandikwa na serikali.
Kipupwe: majira ya baridi, hasa Juni hadi Agosti.
Kumeng'enya: kulainisha na kugeuza chakula tumboni ili mwili ukitumie.
Muhanga: mnyama wa porini anayechimba mashimo na kula mchwa.
Ufa: nafasi nyembamba iliyopasuka katika mwamba au ukuta.